John Muir: Mzee wa misitu aliyemlaza Rais chini ya mti

RAIS wa taifa kubwa halali nje. Ndivyo walivyoamini wakuu wa Jimbo la California mwezi Mei 1903, walipomwandalia Rais Theodore Roosevelt wa Marekani karamu na malazi ya heshima katika Bonde la Yosemite.

Rais huyo hakuyatumia malazi hayo. Usiku wa Mei 15 mwaka huo alilala juu ya rundo la mablanketi, bila hema, katika kichaka cha miti mikubwa cha Mariposa, jirani na mti mmoja maarufu uitwao Grizzly Giant. Wasaidizi wake, waandishi wa habari na walinzi wengi walirudishwa nyuma. Aliyelala karibu naye alikuwa mzee wa miaka 65, mwenye ndevu ndefu, asiyekuwa na cheo chochote serikalini.

Mzee huyo si mwingine bali ni John Muir, mtu ambaye hadi leo jina lake halikosekani kila inapotajwa historia ya hifadhi za taifa duniani.

Kambi ile ilidumu siku tatu tu, lakini haikuwa matembezi ya kujifurahisha. Muir alikuwa na hoja ambayo ameibeba zaidi ya miaka 30, na aliamini kwamba hoja hiyo haiwezi kueleweka ofisini. Kwa imani yake, anayetaka kuamua juu ya msitu ni lazima kwanza alale ndani yake.

Miti iliyokuwa kiini cha hoja hiyo ni ile ambayo Wamarekani huiita redwood, kwa sababu ya wekundu wa mbao zake, na ambayo kwa Kiswahili huitwa misekoya. Ipo ya aina mbili katika California. Msekoya wa pwani, unaoishi kwa ukungu wa Bahari ya Pasifiki, ndio mti mrefu kuliko yote duniani, na mmoja wake umepimwa ukazidi mita 115.

Msekoya wa milimani, unaoota kwenye miteremko ya magharibi ya safu ya Sierra Nevada, si mrefu kama mwenzake lakini ndio mnene zaidi. Ipo iliyopita miaka 3,000. Huo uitwao Grizzly Giant unakadiriwa kuzidi miaka 2,000. Ulikwisha kuwa mti mkubwa wakati mji wa Kilwa haujapata kusikika.

Muir hakuzaliwa karibu na misitu hiyo. Alizaliwa Aprili 21, 1838, katika mji mdogo wa Dunbar, pwani ya mashariki ya Scotland, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanane wa mzee Daniel Muir na mkewe Ann. Mwaka 1849, John akiwa na miaka 11, mzee huyo aliihamishia familia Marekani, katika pori la Jimbo la Wisconsin, wakafyeka mashamba mapya.

Daniel Muir alikuwa mtu wa dini asiyejua mzaha. Alimlazimisha mwanawe kukariri Biblia, na John alipokua alikuwa akilijua Agano Jipya lote kwa moyo pamoja na sehemu kubwa ya Agano la Kale. Anayekosea alichapwa, na kazi ya shamba ilianza alfajiri ikaisha usiku.

Tukio moja la utoto wake linastahili kusimuliwa. Familia ilihitaji kisima, na chini ya shamba kulikuwa na mwamba wa mchanga. Baba alimteremsha John shimoni kwa ndoo kila asubuhi, akamwacha akitindua mwamba kwa nyundo na patasi mpaka jioni, kwa miezi kadhaa. Asubuhi moja hewa yenye sumu ilikuwa imejikusanya chini, kijana akaishiwa nguvu, akanusurika kwa kujitupa ndani ya ndoo huku baba akivuta. Baada ya kupumzika siku moja au mbili alirudishwa kuendelea kuchimba, mpaka maji yalipopatikana kiasi cha mita 27 kwenda chini.

Aliyelelewa hivyo angeweza kuichukia kazi, au kumchukia Mungu. Muir hakufanya lolote kati ya hayo, bali alianza kumtafuta Mungu huyo nje ya nyumba ya baba yake.

Mikono yake ilikuwa na kipaji. Alichonga saa za mbao zilizofanya kazi barabara, na kitanda cha ajabu kilichojiinua saa ya kuamka ilipofika na kumsimamisha mlalaji kwa miguu yake. Mwaka 1860 alipeleka vitu hivyo katika maonyesho ya jimbo mjini Madison, akawa gumzo. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin, akajifunza kemia, jiolojia na elimu ya mimea, lakini aliondoka mwaka 1863 bila shahada.

Baada ya muda Kanada, alipata kazi Indianapolis katika kiwanda cha vipuri vya magari ya farasi. Kwa ustadi wake angeweza kuwa tajiri wa viwanda kama wengi wa zama hizo. Lakini mwezi Machi 1867, akiwa anarekebisha mkanda wa mashine, tupa ilimponyoka ikamchoma jicho la kulia. Jicho hilo likapoteza nuru, na siku chache baadaye la kushoto nalo likafifia.

Alilazwa wiki kadhaa katika chumba chenye giza, akiwa na miaka 28, akidhani hatayaona tena maua. Uwezo wa kuona uliporejea alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatautumia tena kutazama mashine. Septemba mwaka huo alianza safari ya miguu kutoka Kentucky hadi Florida, umbali wa takribani kilometa 1,600, akiwa na mfuko mdogo na chombo cha kukaushia mimea. Alilala alipofikiwa na usiku. Mara moja, kwa kukosa fedha, alijilaza siku kadhaa kwenye makaburi ya mji wa Savannah.

Alipofika Florida malaria ilimwangusha, akaugua miezi kadhaa. Alikuwa na ndoto ya kwenda Amazon, na baada yake Afrika, lakini afya haikuruhusu. Badala yake akapanda meli kwenda California, akashuka San Francisco mwezi Machi 1868. Afrika ingemsubiri miaka 44.

California ya wakati huo ilikuwa nchi ya watu wenye haraka. Dhahabu ilikuwa imewaleta kwa maelfu tangu 1849, na baada ya dhahabu waligeukia mbao. Muir alipata kazi ya kuchunga kondoo, na kiangazi cha 1869 alipanda na kundi hilo hadi malisho ya juu ya Tuolumne. Aliipenda milima hiyo kuliko alivyokuwa amependa kitu chochote, na papo hapo akaanza kuona jinsi kwato na meno ya kondoo yalivyoikwangua. Baadaye alikuja kuwafananisha kondoo hao na nzige.

Aliajiriwa pia kujenga na kuendesha kinu cha kupasulia mbao bondeni Yosemite. Wapo waonao hapo kinyume. Hata hivyo, kinu chake kilipasua miti iliyokwisha kuangushwa na upepo, na mshahara wake ulimnunulia mkate na majani ya chai, ambavyo ndivyo vilikuwa chakula chake chote alipopotelea milimani kwa siku nyingi bila blanketi wala bunduki.

Katika safari hizo aligundua kwamba Bonde la Yosemite lilichongwa na mito ya barafu iliyoteleza polepole kwa karne nyingi. Mkuu wa upimaji wa jiolojia wa jimbo, Profesa Josiah Whitney, alishikilia kwamba bonde lilitokana na sakafu ya dunia kudidimia ghafla, akamdharau Muir kama mchunga kondoo asiye na elimu. Mwaka 1871 mchunga kondoo huyo aliupata mto wa barafu ulio hai katika milima hiyohiyo, na mwezi Desemba gazeti la New York Tribune likachapisha makala yake. Ndiyo iliyomfungulia mlango wa uandishi.

Mwaka huohuo alikuja Yosemite mgeni mashuhuri, mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson, aliyekuwa akikaribia miaka 68. Muir alimsihi walale pamoja chini ya misekoya ya Mariposa, Emerson akaonekana kukubali. Lakini wenzake aliofuatana nao waliogopa hewa ya usiku, wakamchukua kwenda kulala ndani ya nyumba. Muir aliwasindikiza kwa macho mpaka walipotoweka nyuma ya kilima, kisha akawasha moto mkubwa akalala peke yake kati ya miti. Jambo hilo lilimuuma muda mrefu, na miaka 30 baadaye bado alikuwa akiliandika.

Mwaka 1875 Muir alifanya safari ambayo pengine ndiyo muhimu kuliko zote katika maisha yake, ingawa haitajwi sana. Akiwa na nyumbu wa mizigo aliyeitwa Brownie, yule mnyama azaliwaye na punda na farasi, alitembea kuelekea kusini akifuata ukanda wa misekoya, kichaka hadi kichaka, akipima vigogo na kuhesabu miduara ya umri kwenye visiki. Msitu mmoja aliupa jina la Giant Forest, yaani msitu wa majitu, jina linalotumika mpaka leo. Ndimo ulimo mti uitwao General Sherman, wenye urefu wa karibu mita 84, ambao kwa wingi wa mbao hakuna unaoufikia duniani.

Lakini pia alisikia shoka na misumeno. Wafanyabiashara walikuwa wameifikia misekoya, na jambo la kusikitisha ni kwamba mbao zake hazikuwa hata na faida kubwa. Mti huo ni mkubwa mno, na unapoanguka hupasuka vipande kama chupa, kwa kuwa mbao zake ni kavu na nyepesi kuvunjika. Sehemu kubwa iliachwa ioze. Kilichobaki kikawa nguzo za uzio, vigae vya paa na vijiti vya kusimamishia mizabibu. Mti wa miaka 2,000 ukaishia kuwa kijiti cha shamba la zabibu.

Februari 1876 Muir aliandika katika gazeti moja la Sacramento akiitaka serikali iilinde misitu hiyo kwa sheria. Hoja yake haikuwa ya uzuri peke yake. Alieleza kwamba misitu ya milimani ndiyo inayotunza theluji na kuyatoa maji yake kidogo kidogo kwa mashamba ya mabondeni, na kwamba ikiisha, mito itafurika masika na kukauka kiangazi. Hoja hiyo haitamshangaza mkulima yeyote anayeishi chini ya Kilimanjaro au Mlima Kenya.

Hakusikilizwa upesi. Mwaka 1880 alimwoa Louie Strentzel, binti wa mkulima wa matunda wa Martinez, wakapata mabinti wawili, Wanda na Helen. Kwa takriban miaka 10 aliendesha shamba la mkwewe, akapata fedha za kutosha, akakonda na kukohoa. Ni mkewe aliyemhimiza arudi milimani na kwenye kalamu. Historia imemtaja mama huyo kwa uchache mno, wakati bila uamuzi wake Muir huenda angebaki mfanyabiashara wa zabibu na peasi.

Mwaka 1889 alimpeleka Robert Underwood Johnson, mhariri wa jarida la Century, kupiga kambi Tuolumne. Wakiwa wanaota moto, Johnson alipendekeza mpango: Muir aandike makala mbili, naye atashughulika na wabunge mjini Washington. Makala zilitoka 1890, na mwezi Oktoba mwaka huo Hifadhi ya Taifa ya Yosemite ikaundwa, siku chache baada ya ile ya Sequoia. Mei 1892 kikaanzishwa chama cha Sierra Club, Muir akiwa rais wake, wadhifa alioushika mpaka kufa.

Palibaki kasoro moja. Bonde lenyewe la Yosemite pamoja na kichaka cha Mariposa vilikuwa mikononi mwa Jimbo la California tangu 1864, kwa hati iliyosainiwa na Rais Abraham Lincoln, na jimbo lilivitunza vibaya. Bondeni palikuwa na malisho ya mifugo, mashamba ya nyasi na mabanda ya biashara, huku hifadhi ya taifa ikiwa imeyazunguka.

Kambi za Muir hazikumgeuza kila mtu, na mfano mzuri ni Gifford Pinchot, mtaalamu kijana wa misitu aliyekuja kuwa mkuu wa idara ya misitu ya taifa. Mwaka 1896 walilala pamoja ukingoni mwa korongo la Grand Canyon wakizungumza mpaka usiku wa manane. Alipotokea buibui mkubwa mwenye sumu, Muir alimkataza Pinchot kumuua, akisema kwamba naye ana haki ya kuwapo pale. Walipendana. Lakini Pinchot aliamini kwamba msitu upo ili utumiwe kwa busara na watu wengi iwezekanavyo, na tofauti hiyo ndogo ya moto wa kambi ilikuja kuwa vita.

Ndipo ilipofika Mei 1903. Muir nusura akatae mwaliko, kwa kuwa alikuwa amepanga safari ya kuzunguka dunia na rafiki yake. Aliahirisha alipotambua kwamba huenda akapata nafasi ya kumsemesha Rais faragha kando ya moto.

Baada ya usiku wa Mariposa, walipanda farasi hadi upande wa juu wa bonde, karibu na Glacier Point, wakiwakwepa waliokuwa wakiwasubiri. Usiku wa pili theluji ikaanguka, na asubuhi Rais aliamka mablanketi yake yakiwa yamefunikwa weupe. Alifurahi kama mtoto wa shule. Usiku wa tatu walilala bondeni, huku karamu ya wakuu wa jimbo ikipoa.

Waliokuwapo wamesimulia kwamba wazee hao wawili walizungumza kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka asikilizwe. Roosevelt alishangaa kwamba Muir hakujali sana sauti za ndege. Muir naye alimuuliza bila kumung’unya ni lini ataacha utoto wa kuua wanyama kwa kujifurahisha. Swali hilo halikupata jibu zuri: Aprili 1909, baada ya kuondoka madarakani, Roosevelt aliteremka Mombasa na mwanawe Kermit kwa msafara mkubwa wa uwindaji, na kwa hesabu yake mwenyewe wao wawili waliua wanyama 512.

Kuhusu misitu, hata hivyo, Rais alishika neno. Mwaka 1906 Bonde la Yosemite na kichaka cha Mariposa vilirudishwa kwa serikali kuu na kuunganishwa na hifadhi, baada ya bunge la jimbo kukubali mwaka uliotangulia. Si kambi peke yake iliyofanya hivyo. Edward Harriman, tajiri wa reli, alitumia ushawishi wake kwa wabunge kwa kuwa Muir alikuwa amemwomba. Katika kipindi chake cha uongozi Roosevelt aliweka chini ya ulinzi ardhi inayokadiriwa kufikia hekta milioni 93.

Januari 1908 Roosevelt alitangaza mnara mpya wa taifa katika msitu mdogo wa misekoya ya pwani, kaskazini mwa San Francisco. Mwenye msitu, tajiri William Kent, alikuwa ameununua mwaka 1905, na kampuni moja ya maji ilitaka kuuchukua kwa njia ya mahakama ili ijenge bwawa. Kent aliizidi mbio kwa kuutoa msitu huo, karibu ekari 300, kuwa zawadi kwa taifa. Rais alipotaka kuupa jina lake, Kent alikataa, akasisitiza uitwe Muir Woods. Waungwana wa namna hiyo ni wachache.

Lakini ni Kent huyohuyo aliyekuja kumpa Muir pigo la mwisho. San Francisco ilikuwa imeteketea kwa moto baada ya tetemeko la Aprili 18, 1906, na viongozi wake walitaka maji ya uhakika yasiyo mikononi mwa kampuni binafsi. Walichagua Bonde la Hetch Hetchy, lililo ndani ya hifadhi ya Yosemite, ambalo Muir aliliona kuwa pacha wa Yosemite yenyewe.

Vita ilidumu miaka kadhaa. Muir aliandika, akasafiri, akaomba. Pinchot aliunga mkono bwawa. Kent, aliyekuwa sasa mbunge, naye aliunga mkono, akiamini kwamba maji na umeme vya umma ni afadhali kuliko ukiritimba wa matajiri. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mji uliokwisha kuungua haukuomba anasa. Muir kwa upande wake alishikilia kwamba maji yangeweza kupatikana kwingine, na kwamba hifadhi inayoweza kuzamishwa kila mji unapopata kiu si hifadhi.

Desemba 6, 1913, Seneti ilipitisha muswada kwa kura 43 dhidi ya 25, na Desemba 19 Rais Woodrow Wilson akausaini. Wabunge waliopiga kura hawakuwa wamelala Hetch Hetchy, na safari hii Muir hakupata usiku wa kuwalaza huko. Bwawa lilikamilika 1923.

Katikati ya vita hiyo, akiwa na miaka 73 na mjane tangu 1905, Muir alitimiza ndoto ya ujana. Agosti 1911 aliondoka New York peke yake kwenda Amazon, na kutoka Amerika Kusini akavuka hadi Afrika. Mwanzoni mwa 1912 aliuona mbuyu karibu na Maporomoko ya Victoria, na mzee huyo aliyekwisha kuyaona majitu ya Sierra aliihesabu siku hiyo miongoni mwa siku kuu za maisha yake.

Kisha alikuja Mombasa, akapanda gari moshi kupitia Nairobi hadi Ziwa Victoria, akafika chanzo cha Mto Nile. Maporomoko ya Ripon, palipokuwa na mlango wa mto huo pale Jinja, nayo yalizamishwa mwaka 1954 lilipokamilika bwawa la Owen Falls.

Muir alifariki Desemba 24, 1914, hospitalini Los Angeles, kwa homa ya mapafu iliyompata alipokwenda kumtembelea binti yake Helen. Alikuwa na miaka 76. Alikuwa bado anaandika kitabu kuhusu safari zake za Alaska, na kurasa zake alikuwa nazo hospitalini.

Sifa zake hazijabaki bila doa. Katika maandishi yake ya ujana zimo kauli za dharau dhidi ya Wamarekani weusi na wenyeji wa asili, na Julai 2020 Sierra Club yenyewe ilizikiri hadharani. Wenyeji wa Bonde la Yosemite, Waahwahneechee, walikuwa wamefukuzwa kwa bunduki mwaka 1851, miaka 17 kabla Muir hajafika. Yeye aliliona bonde kama hekalu lisiloguswa na mtu, wakati lilikuwa nyumba iliyoporwa.

Kosa hilo limekuja kuigharimu misekoya yenyewe. Wenyeji walikuwa na desturi ya kuchoma majani kwa mpango, na moto mdogo ndio unaofungua matunda magumu ya msekoya na kuziandalia mbegu udongo mtupu. Serikali ikazima kila moto kwa miongo kadhaa, kuni zikarundikana. Mioto mikali ya 2020 na 2021 iliua, kwa makadirio ya wataalamu wa hifadhi, kati ya asilimia 13 na 19 ya misekoya yote mikubwa ya milimani. Mwaka 2021 askari wa zimamoto walilifunga shina la General Sherman kwa karatasi za alumini, na mti ukapona. Julai 2022 moto ulifika kingo za Mariposa, lakini kichaka hicho, ambacho kilikuwa kimechomwa kwa mpango mara kadhaa tangu miaka ya 1970, kilisalimika.

Wageni wanaendelea kufika kwa wingi. Muir Woods wenye magari hulazimika kulipia nafasi ya kuegesha mapema tangu 2018, na hakuna anayeruhusiwa kulala humo. Anayetaka kupiga kambi chini ya misekoya ya pwani husafiri mbali zaidi kaskazini, kwenye hifadhi za jimbo zilizounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Redwood iliyoundwa 1968, akakodi kiwanja cha hema chenye meza na tundu la moto. Chakula hufungiwa ndani ya kabati la chuma kwa ajili ya dubu.

Mariposa nako, wakati wa kiangazi wageni husafirishwa kwa mabasi hadi mlangoni, hutembea kwa miguu hadi kwenye Grizzly Giant, na hawaruhusiwi kupiga kambi humo.